Waziri Mkuu au Waziri wa Kwanza? Wakuu wa Serikali katika Ufalme wa Kibunge wa Burundi, 1961–1966

Ikisiri

Kuanzia mwishoni mwa Septemba 1961 hadi tarehe 28 Novemba 1966, Burundi iliongozwa kama nchi ya kibunge chini ya mfalme. Katika muda huo wa miaka mitano na miezi miwili, watu saba walithibitishwa katika cheo cha Waziri Mkuu, mmoja wao mara mbili, na mtu mwingine alikikaimu kwa siku chache. Wawili kati yao waliuawa wakiwa madarakani. Mmoja alihukumiwa kifo na kuuawa miezi michache baada ya kuondoka, na mmoja alipigwa risasi akanusurika. Makala haya yanafuatilia jinsi kila mmoja wao alivyoingia na alivyotoka. Hoja yake ni kwamba maelezo yaliyozoeleka, yanayouweka uhasama wa kikabila mbele ya kila kitu, hayatoshi mpaka yaunganishwe na swali la kikatiba ambalo halikupata jibu: Waziri Mkuu alikuwa mtu wa nani, wa mfalme, wa chama au wa Bunge?

Jina la cheo

Kirundi hukiita cheo hiki umushikiranganji wa mbere, yaani waziri wa kwanza, kwa kufuata Kifaransa cha watawala wa Kibelgiji. Wasemaji wa Kiswahili wa Kongo nao mara nyingi husema waziri wa kwanza, ilhali Kiswahili sanifu cha Tanzania na Kenya kimeshikilia Waziri Mkuu. Kinyarwanda kimekwenda njia yake na kusema minisitiri w'intebe, waziri wa kiti. Zanzibar, kwa kipindi kirefu tangu 1983 hadi 2010, ilikuwa na Waziri Kiongozi. Msikilizaji wa haraka ataona kwamba haya yote ni majina ya kitu kimoja, na katika mazungumzo ya kila siku ndivyo yalivyo.

Hata hivyo, maneno haya hayabebi madai yale yale. Wa kwanza ni neno la mpangilio: humtangulia wa pili, na hakuna zaidi. Mkuu ni neno la mamlaka: aliye mkuu ana walio chini yake. Mwanasheria anaweza kusema kwamba tofauti hiyo ni ya kamusi tu, wala haina uzito mahakamani. Katika Burundi ya miaka ya 1960, hata hivyo, ndiyo iliyokuwa ikigombewa. Mfalme alimwona mkuu wa serikali kuwa wa kwanza katika safu ya watumishi wake. Wabunge, hasa baada ya 1965, walimtaka awe mkuu kwa maana kamili, mwenye kutokana na wao na kuwajibika kwao. Katiba iliyokuwepo iliruhusu tafsiri zote mbili.

Lipo pia suala la asili. Buganda ilikuwa na Katikkiro muda mrefu kabla ya wakoloni, na Uganda ilipopata Waziri Mkuu mwaka 1962 watu wengi walikuwa na picha ya kale ya kulinganisha nayo. Ufalme wa Burundi haukuwa na kiti cha namna hiyo. Mwami alitawala kwa kugawa maeneo kwa baganwa, watu wa ukoo wa kifalme, ambao wengi wao walikuwa nusu watawala huru. Chini kabisa, milimani, walikuwepo bashingantahe, wazee waamuzi waliosuluhisha migogoro. Kati ya mwami na baganwa hapakuwa na mtu mmoja aliyesimama kama kiungo cha dola nzima. Waziri Mkuu alipoingia, aliingia mahali ambapo mila haikuwa imemwandalia kiti.

Mfalme wa nusu karne

Mwambutsa IV alikalia kiti cha enzi tangu 1915, akiwa mtoto mdogo chini ya baraza la walezi, akakikalia hadi 1966. Ni zaidi ya miaka hamsini. Alizikuta dola tatu za kigeni zikipishana juu ya nchi yake, kwa maana alitawazwa chini ya Wajerumani, akakulia chini ya Wabelgiji, na akashuhudia Umoja wa Mataifa ukisimamia safari ya uhuru. Kwa mtu wa historia hiyo, mawaziri wakuu walikuwa wageni wa miaka mitano ya mwisho. Jambo hili husahauliwa mara nyingi na wanaomlaumu kwa kutoelewa mipaka ya mfalme wa kikatiba. Aliielewa vizuri sana namna ya kuishi katikati ya makundi yanayogombana, kulipa hili nafasi leo na lile kesho, ili lisiwepo kundi litakaloweza kumshinda. Ufundi huo ulimwezesha kudumu chini ya ukoloni. Ndio uliokuja kukidhoofisha cheo cha Waziri Mkuu, kwa sababu kila serikali iliyopata nguvu kidogo ilionekana kwake kuwa kundi la kupunguzwa.

Siku kumi na tano za Rwagasore

Mapema mwaka 1961 Wabelgiji waliunda serikali ya mpito iliyoongozwa na Joseph Cimpaye. Serikali hiyo haikutokana na Bunge lililochaguliwa na wananchi wote, na kwa sababu hiyo haihesabiwi hapa. Uchaguzi uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa ulifanyika tarehe 18 Septemba 1961. Chama cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64.

Ushindi huo ulikuwa wa Louis Rwagasore, mwana mkubwa wa Mwambutsa. Alizaliwa mwaka 1932, akapelekwa masomoni Antwerp, kisha akarudi na kujiingiza katika vyama vya ushirika na siasa. Utawala wa Kibelgiji ulijaribu kumzuia kwa kupiga marufuku jamaa wa karibu wa mfalme kushika nafasi za kisiasa, na mwishoni mwa 1960 ulimweka kizuizini nyumbani wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao chama pinzani cha PDC kilishinda. Kizuizi hicho kilimwongezea umaarufu badala ya kuupunguza.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, sehemu moja ya nguvu zake inastahili kutajwa. Katika mitaa ya Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, hasa Buyenzi, waliishi wafanyabiashara na mafundi Waislamu wenye kuzungumza Kiswahili, ambao sera ya kikoloni iliwahesabu kuwa watu wa mjini wasio na mizizi milimani. Rwagasore aliwafanya kuwa nguzo ya chama chake mjini. Kiswahili kilikuwa lugha ya mikutano ya mitaa hiyo, na kilikuwa pia daraja la kwenda Tanganyika, ambako Julius Nyerere na TANU waliiunga mkono UPRONA. Kwa hiyo, mkuu wa kwanza wa serikali iliyochaguliwa Burundi alikuwa mtoto wa mfalme aliyejenga chama kwa kutegemea, pamoja na wengine, watu ambao ufalme wenyewe haukuwa na nafasi kwao. Hilo ndilo lililomfanya awe vigumu kurithiwa. Watutsi, Wahutu, baganwa na Waswahili wa mjini walikutana kwake kama mtu, si katika taasisi yoyote.

Tarehe 13 Oktoba 1961, takriban majuma mawili baada ya kushika madaraka, Rwagasore alipigwa risasi akiwa mkahawani kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 29. Aliyefyatua risasi alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Nyuma yake walikuwepo viongozi wa PDC, wakiwemo watu wa tawi la Batare, mahasimu wa tawi la Bezi alikotoka mfalme. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Baada ya uhuru kesi ya washirika wake ilifunguliwa upya, na Januari 1963 watano walinyongwa Gitega mbele ya umati.

Tafsiri ya kawaida ni kwamba kifo hicho kiliinyima nchi kiongozi bora. Huenda. Kwa historia ya cheo chenyewe, athari kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Waziri Mkuu wa kwanza hakupata muda wa kuweka desturi hata moja: jinsi ya kumshauri mfalme, jinsi ya kumfukuza waziri, jinsi ya kulikabili Bunge linalokataa. Tanganyika ya wakati huo huo inatoa mfano wa kulinganisha. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu tarehe 22 Januari 1962, na Rashidi Kawawa akakabidhiwa ofisi bila mtikisiko. Cheo hicho kilifutwa jamhuri ilipotangazwa Desemba mwaka huo, lakini katika muda mfupi kilikuwa kimeonyesha kwamba kinaweza kubadilisha mikono kwa amani.

Kifungu kilichosafiri bila desturi yake

Nafasi ya Rwagasore ilichukuliwa na shemeji yake, André Muhirwa, aliyekuwa Mutare kwa kuzaliwa na mkwe wa mfalme kwa ndoa. Yeye ndiye aliyekuwa madarakani nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na muda wake, wa takriban miezi ishirini, ulikuwa mrefu kuliko wa mwingine yeyote katika orodha hii. Ulitawaliwa na swali ambalo Rwagasore hakuliacha na jibu. Je, anayerithi serikali ndiye anayerithi chama? Paul Mirerekano alidai uongozi wa UPRONA, na mgawanyiko huo ulizidi kuchukua sura ya Wahutu dhidi ya Watutsi, hasa baada ya vijana wa chama kushambulia viongozi wa Kihutu mtaani Kamenge Januari 1962. Makundi ndani ya Bunge yakaitwa Casablanca na Monrovia, kwa majina yaliyoazimwa kutoka siasa za Afrika nzima. Majina hayo yaliupa ugomvi wa nyumbani heshima ya itikadi. Muhirwa alijiuzulu Juni 1963.

Katika kipindi chake ndipo ilipopitishwa katiba ya tarehe 16 Oktoba 1962. Hapa panahitaji kukaliwa kidogo, maana wachambuzi wengi hupita haraka.

Katiba hiyo ilifuata kwa karibu ile ya Ubelgiji ya mwaka 1831. Katiba ya Ubelgiji ilisema waziwazi kwamba mfalme huwateua na kuwafukuza mawaziri wake. Iliongeza kwamba tendo lolote la mfalme halina nguvu bila saini ya waziri anayebeba wajibu. Msomaji wa maandishi peke yake angefikiri kuwa mfalme wa Ubelgiji ana serikali mkononi. Haikuwa hivyo kufikia karne ya ishirini, kwa sababu zaidi ya miaka mia moja ya mazoea ilikuwa imekizungushia kifungu hicho ukuta: mfalme humteua yule anayeweza kupata wingi wa kura bungeni, na humwacha aendelee mpaka wingi huo utakapomtoka. Ukuta huo haukuandikwa popote katika katiba. Kilichosafirishwa kwenda Afrika kilikuwa kifungu.

Kongo ilikuwa imekwisha kuonyesha matokeo. Sheria ya Msingi ya 1960, iliyoandikwa Brussels, ilimpa Mkuu wa Nchi uwezo wa kumteua na kumfukuza Waziri Mkuu. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Joseph Kasa-Vubu aliutumia uwezo huo dhidi ya Patrice Lumumba, akiwa na saini za mawaziri wawili. Lumumba naye akatangaza kumfukuza Kasa-Vubu. Siku mbili baadaye Baraza la Wawakilishi lilibatilisha matangazo yote mawili, na siku iliyofuata Seneti ikasimama upande wa Lumumba. Kwa tafsiri ya herufi Kasa-Vubu alikuwa na hoja, na kwa tafsiri ya kibunge Lumumba alikuwa nayo pia. Kanali Joseph Mobutu aliwafungia wote mjadala. Wanasiasa wa Burundi waliyaona haya kutoka ng'ambo ya Mto Ruzizi, na bado miaka miwili baadaye walikubali mfumo wenye mlango ule ule ulio wazi. Inawezekana walidhani kuwa mfalme, akiwa juu ya vyama, asingeutumia kama Rais wa Kongo. Dhana hiyo ilidumu kwa muda mfupi.

Mizani ya mfalme, 1963–1965

Baada ya Muhirwa, Mwambutsa alianza kuwateua mawaziri wakuu kwa mizani. Pierre Ngendandumwe, Mhutu wa UPRONA, aliunda serikali Juni 1963. Aprili 1964 nafasi yake ikachukuliwa na Albin Nyamoya, Mtutsi. Hakuna uchaguzi uliofanyika kati yao, wala wingi wa kura katika Bunge la 1961 haukuwa umehamia chama kingine. Kilichokuwa kimebadilika ni hesabu za ikulu.

Mazingira ya nje yalizidisha uzito. Maelfu ya wakimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda walikuwa Burundi. Uasi wa mashariki mwa Kongo ulihitaji njia za silaha, na Burundi ilikuwa imeitambua Jamhuri ya Watu wa China mwishoni mwa 1963. Katika hali hiyo, kubadilisha Waziri Mkuu kulikuwa sawa na kubadilisha sera ya nje, na balozi za kigeni zilifuatilia kila uteuzi kwa jicho hilo. Taasisi changa ilikuwa ikibeba vita vya wengine.

Januari 1965 Mwambutsa alimwondoa Nyamoya na kumrudisha Ngendandumwe. Tarehe 15 ya mwezi huo, juma moja baada ya kuteuliwa, Ngendandumwe alipigwa risasi akitoka hospitalini Bujumbura, alikokwenda kumwona mkewe aliyekuwa amejifungua. Mshukiwa mkuu alikuwa mkimbizi kutoka Rwanda aliyekuwa mwajiriwa wa ubalozi wa Marekani. Ndani ya majuma mawili serikali ilisimamisha uhusiano na China. Pié Masumbuko alikaimu kwa siku chache, kisha Joseph Bamina, Mhutu na mmoja wa viongozi wa juu wa UPRONA, akapewa ofisi.

Ni vyema kusimama hapa na kuangalia kile ambacho mfululizo huu ulikuwa ukiwafundisha wanasiasa. Aliyetaka uwaziri mkuu hakuwa na sababu ya kujenga wingi wa kura bungeni, kwa kuwa wingi huo haukumlinda mtu. Alihitaji kusikilizwa na ikulu. Aliyetaka kumwondoa Waziri Mkuu hakuwa na haja ya kura ya kutokuwa na imani, kwani palikuwepo njia fupi zaidi: kumshawishi mfalme, au bunduki. Ukabila ulikuwepo na ulikuwa na makali, na mapinduzi ya Rwanda ya 1959 hadi 1961 yalikuwa yamewatia Watutsi wa Burundi hofu na kuwapa Wahutu wengi matumaini. Lakini kabila lilipata nguvu ya kisiasa ya namna hii kwa sababu mlango wa kibunge ulikuwa umefungwa. Mizani ya mfalme, Mhutu leo na Mtutsi kesho, ilikusudiwa kutuliza. Kwa kila zamu ilithibitisha kwamba kabila ndilo kigezo cha uteuzi.

Uchaguzi ulioshinda na kushindwa

Machi 1965 mfalme alilivunja Bunge, na tarehe 10 Mei uchaguzi ukafanyika. Viti vilikuwa vimepunguzwa hadi 33. UPRONA ilipata 21, Chama cha Watu 10, na wagombea huru wawili. Kwa kabila, wabunge 23 walikuwa Wahutu. Kwa mara ya kwanza tangu 1961 palikuwepo Bunge lenye mamlaka mapya kutoka kwa wapiga kura. Katika nchi ya kibunge inayofanya kazi, hatua iliyofuata ingekuwa ya kawaida kabisa: kiongozi anayekubalika na wengi angeitwa ikulu na kuagizwa aunde serikali.

Wabunge wengi walimtaka Gervais Nyangoma. Mfalme hakumteua. Bamina aliendelea kushikilia ofisi kwa miezi kadhaa, mpaka Septemba Mwambutsa alipomteua Léopold Biha, ambaye pia hujulikana kama Bihumugani, muganwa aliyekuwa katibu wake wa siri kwa muda mrefu. Mwezi huo huo ilitoka amri ya kifalme ya kupunguza idadi ya tarafa na kuwafanya wakuu wake kuwa watumishi wanaoteuliwa na kuwajibika kwa mfalme badala ya kuchaguliwa. Uongozi wa Bunge ulipinga amri hiyo kwa maandishi. Mfalme hakutengua uamuzi wake.

Si rahisi kupata katika historia ya ukanda huu uteuzi uliosema mengi kuliko huo. Biha hakuwa mtu asiyefaa, na alikuwa na uzoefu wa utawala kuliko wengi waliomtangulia. Lakini katibu wa mfalme alipofanywa mkuu wa serikali mbele ya Bunge lililochaguliwa miezi minne kabla, jibu la ikulu kwa swali la cheo lilikuwa limetolewa. Alikuwa waziri wa kwanza, wa kwanza miongoni mwa watumishi.

Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Oktoba 1965, kundi la maafisa na askari wa Kihutu wa jeshi na jandameri walishambulia ikulu na makazi ya Biha. Waziri Mkuu alijeruhiwa vibaya. Jaribio lilishindwa, hasa kwa sababu askari waliobaki watiifu, chini ya Kapteni Michel Micombero, waliitwa haraka. Mwambutsa alivuka mpaka kuingia Kongo, kisha akaenda Ulaya, na hakurudi tena kutawala. Kilichofuata kilikuwa kisasi. Maafisa, wabunge na wanasiasa wa Kihutu walikamatwa na kuuawa. Miongoni mwao walikuwa Nyangoma, Mirerekano na Bamina, aliyekuwa Waziri Mkuu wiki chache tu nyuma. Milimani mauaji yalikwenda pande zote mbili, huku raia wa Kihutu wakibeba sehemu kubwa. Bunge la Mei 1965 liliangamizwa kama taasisi, na wengi wa wajumbe wake kama watu.

Mwaka wa mwisho hauhitaji maelezo marefu. Nchi ilikuwa na mfalme aliye mbali na Waziri Mkuu aliye majeruhi. Tarehe 8 Julai 1966 mwanamfalme Charles Ndizeye alimwondoa baba yake, akamteua Micombero kuwa Waziri Mkuu, na tarehe 1 Septemba akatawazwa kwa jina la Ntare V. Tarehe 28 Novemba, kijana huyo akiwa ziarani Kinshasa, Micombero alitangaza jamhuri na kujifanya Rais. Waziri Mkuu wa mwisho wa ufalme aliufuta ufalme. Ntare V aliuawa Gitega Aprili 1972, mwanzoni mwa mauaji makubwa ya mwaka huo. Mwambutsa alifia Uswisi mwaka 1977.

Kwa kipindi chote hicho, hakuna Waziri Mkuu hata mmoja aliyeondoka kwa sababu wapiga kura walimkataa, na hakuna aliyemkabidhi ofisi mshindi wa uchaguzi. Majirani hawakuwa na rekodi njema zaidi. Uganda, Waziri Mkuu Milton Obote aliisimamisha katiba Februari 1966 na kujifanya Rais mwezi Aprili, akafuatisha shambulio la Lubiri mwezi Mei. Zanzibar, serikali ya Mohammed Shamte, iliyopata viti vingi Julai 1963 huku wapinzani wakipata kura nyingi zaidi, ilipinduliwa Januari 1964. Kenya ilimgeuza Waziri Mkuu wake kuwa Rais ilipotimiza mwaka mmoja wa uhuru. Tofauti ya Burundi ni kwamba katika nchi hizo nyingine Waziri Mkuu aligombana na wapinzani au na mkuu wa nchi akiwa na chama chenye nguvu nyuma yake. Burundi, tangu Oktoba 1961, chama hakikuwa nyuma ya Waziri Mkuu yeyote kikiwa kizima.

Cheo baada ya ufalme

Cheo kimerudi mara kadhaa chini ya marais. Nyamoya yule yule alikishika tena mwaka 1972 hadi 1973, na Édouard Nzambimana kati ya 1976 na 1978. Mwaka 1988, baada ya mauaji ya Ntega na Marangara, Pierre Buyoya alimteua Adrien Sibomana, Mhutu, kwa mizani inayofanana sana na ile ya Mwambutsa. Julai 1993 Rais Melchior Ndadaye alimteua Sylvie Kinigi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo Burundi. Mwezi huo huo Rwanda ilimpata Agathe Uwilingiyimana. Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, Kinigi na sehemu ya serikali yake walijihifadhi katika ubalozi wa Ufaransa, na kwa majuma kadhaa ofisi hiyo ndiyo iliyoshikilia uendelevu wa dola. Huo unaweza kuhesabiwa kuwa wakati pekee ambapo Waziri Mkuu wa Burundi alikuwa mkuu katika maana ya Kiswahili sanifu, ingawa nafasi hiyo ilitokana na kifo cha Rais.

Nafasi hiyo ilifutwa mwaka 1998 na kurudishwa na katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya Mei 2018, ikachukua sehemu ya majukumu yaliyokuwa ya makamu wawili wa Rais. Alain-Guillaume Bunyoni aliteuliwa Juni 2020 na kuondolewa Septemba 2022. Kwa mujibu wa katiba hiyo, Rais humteua Waziri Mkuu baada ya Baraza la Taifa na Seneti kumwidhinisha. Huo ni ukuta ambao katiba ya 1962 haikuwa nao, na umejengwa upande wa kuingia. Upande wa kutoka, mamlaka ya kumwondoa yamebaki mikononi mwa Rais. Washauri wa sera wanaopendekeza kuanzishwa au kurudishwa kwa cheo hiki katika nchi za ukanda, kama ilivyopendekezwa Kenya baada ya 2008, kwa kawaida hutumia kurasa nyingi kueleza nani atamteua Waziri Mkuu. Mawaziri wakuu wa Burundi wa 1961 hadi 1966 wanaelekeza jicho kwenye kifungu kinachofuata, kile kinachoeleza nani anaweza kumwondoa, kwa sababu ipi, na kwa saini ya nani.